Mtoto wa Chuoni Katika Ngoma ya Chuka

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikwenda bara mgeni, na aliyepona ni mgeni mwenyewe.

Mwaka 1992 nilikuwa nasomea ualimu huko Embu, mtoto wa Lamu aliyelelewa chuoni, sauti yangu imefunzwa kwa tajwidi na kasida za maulidi. Mwalimu wetu mmoja alinisikia jioni nikijiimbia bwenini, akaniandika papo hapo katika kundi la ngoma ya kubuni. Kwa asiyeijua, hiyo ni michezo ya kuigiza ambayo kisa chake hakisemwi bali huimbwa na kuchezwa. Hushindaniwa katika tamasha la maigizo la shule na vyuo vya Kenya, lililoanza mwaka 1959.

Nilidhani kazi ni nyepesi. Kumbe!

Kisa chetu kilijengwa juu ya ngoma ya Wachuka, watu wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, baina ya Embu na Meru. Zamani nchi yao ilihesabiwa katika Wilaya ya Meru; leo imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Ngoma yao ni ndefu kama mzinga wa nyuki. Mpigaji huibana baina ya mapaja, akaipiga kwa mikono, na huku anaimba, anainama, anaruka nayo. Kwetu pwani aghalabu mpigaji hupiga, mwimbaji huimba, mchezaji hucheza, kila mtu na lake. Kule mtu mmoja ndiye yote matatu.

Tulifunzwa na mzee mmoja wa Chuka. Wiki mbili za mwanzo hakutupa ngoma. Tulikanyaga ardhi tu, mguu kwa mguu, alfajiri, baridi ya mlima ikitutafuna. Mimi niliyeweza kuvuta madda mpaka wasikilizaji wakasema "Allah!" sikuweza kumaliza mstari mmoja nikiwa naruka. Mzee alicheka, kisha akanigusa kiunoni.

"Mwana wa pwani," akasema, "pumzi umeiweka kooni. Iteremshe hapa."

Nikamkumbuka maalimu wangu na kifimbo chake, akitufunza kila herufi na mahali pake pa kutokea. Kumbe ilimu ni moja, milango ndiyo mbalimbali.

Machi ikaingia, na Ramadhani nayo. Nikala daku ya pure baridi, nikafunga, nikaruka. Wenzangu, wote Wakristo, wakawa wanakwenda kunywa maji nyuma ya ukumbi nisiwaone. Sikuwaomba hilo.

Mtihani ukawa maleba. Vazi lilikatwa juu ya magoti, watazamaji waone mapaja yanavyoishika ngoma. Nami nimesomeshwa tangu utotoni kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Siku mbili sikulala. Nikiwaacha, nimewavunjia safu. Nikivaa, nimejivunja mwenyewe. Mwisho nikamwendea mzee nikamweleza. Alinyamaza kitambo.

"Mwenye haya akivuliwa," akasema, "watu hutazama haya yake, hawaitazami ngoma."

Akaniruhusu nivae shuka ya kufika muundini.

Tulishika nafasi ya pili. Jaji alitaja sababu hadharani: vazi la mchezaji mmoja halikulingana na la wenziwe. Alisema kweli. Ndani ya basi nilijiinamia nikingoja lawama. Kijana mmoja wa Runyenjes akaanza kupiga mgongo wa kiti kilicho mbele yake, wa pili akaitikia, hata basi zima likawa ngoma. Hakuna aliyenitaja. Mpaka leo najiuliza kama ningewafanyia vivyo hivyo, lau wao ndio walioniangusha.

Nayasema haya kwa kuwa kwetu bado wapo waitao ngoma za bara makelele. Ndugu zangu, tumesahau? Habib Swaleh alipoyatia nguvu maulidi ya matari pale Lamu, wapo wakubwa waliompinga. Leo maulidi ya Riyadha hayajulikani bila ya matari. Sisemi kila ngoma ni halali, hilo nawaachia masheikh. Nasema kwamba kazi ile ina mwalimu, ina adabu na ina subira, kama chuoni. Na mtu aweza kuingia humo na mpaka wake, mradi ajue kwamba mpaka una gharama, na pengine mwenzake ndiye anayeilipa.

Nawaaga kwa ubeti huu, salamu zangu kwa wale vijana wa basi, popote walipo:

Nilikwenda ugenini, nikafunzwa kusimama,
Sauti toka kooni, iteremshe kwa hima,
Na haya yangu mwilini, sikuivua kwa ngoma,
Wenzangu kule Embuni, kwenu nilipata wema.