Si mvua peke yake: baridi, maji na homa za mbu

Wiki mbili hizi hamkuniona hapa kwa sababu nilikuwa bara, kwa dadangu aliyeolewa Kitengela. Binti yake wa miaka tisa alikuwa ametoka hospitalini. Walikuja kwetu Mombasa likizo ya Disemba, wakakaa siku kumi, wakarudi. Baada ya kama wiki mbili mtoto akashikwa na homa, kutetemeka na kutapika. Zahanati ya kwanza waliambiwa ni mafua. Ya pili, homa ya matumbo. Siku ya nne ndipo daktari mmoja kijana akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: "Mlisafiri karibuni?" Damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Alhamdulillahi, amepona, lakini dadangu hadi leo akisimulia sauti hubadilika.

Jumapili shemeji akatuchukua kwenda kupunga upepo Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapopita mwisho wa vilima vya Ngong kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Jina halikukosea. Mimi mtu wa pwani nilivaa sweta mbili na bado nilijikunyata, watu wakanicheka. Shemeji akaniambia, "Shemeji, huku mbu hana nguvu. Hiyo malaria ni nyinyi mlitupa zawadi."

Nilimjibu kwa mzaha, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria neno lake. Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Mbu akinyonya damu ya mgonjwa wa malaria hawezi kumwambukiza mwingine siku hiyo wala kesho yake. Vimelea lazima kwanza vikue tumboni mwake, kisha vipande hadi kwenye tezi za mate. Kazi hiyo huendeshwa na joto. Hewa ikiwa nyuzi 30, kimelea cha ile malaria kali huchukua kama siku 8. Nyuzi 25, kama siku 12. Nyuzi 20, kama siku 28. Chini ya nyuzi 16 hakikui kabisa. Sasa kumbuka kwamba mbu mwenyewe umri wake ni mfupi, wachache wanafikisha wiki tatu au nne. Kwa hiyo mahali pa baridi mbu wapo (mmoja nilimpiga kofi pale pale tulipokaa), ila wengi hufa kabla sumu yao haijaiva. Na hapo hapo ukitazama chini unaliona bonde, na Magadi ambako ni mita kama 600 tu juu ya bahari, joto kama tanuri. Mwendo wa gari usiofika saa mbili, na hesabu yote imebadilika.

Hesabu hiyo hubadilika kwa kitu kidogo sana. Joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 22 tu, zile siku 28 zinakuwa 18 au 19. Ndiyo maana wataalamu huhangaika wakisikia nyanda za juu zinapata joto hata la nyuzi moja. Sisi tunaona ni kitu gani hicho, nyuzi moja? Kwa mbu ni umri mzima.

Baridi hiyo ina bei yake pia. Mtoto aliyelelewa Kitengela mwili wake haujawahi kuzoeshana na malaria, kwa hiyo ikimpata humpiga vibaya kuliko mtu mzima wa Kilifi aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni. Na daktari wa huko, kwa kuwa haioni kila siku, haimjii akilini. Jamaa zetu wa bara wanaokuja kutembea wapeni neti wakilala, na waambieni wakirudi wakashikwa na homa hata baada ya mwezi, neno la kwanza kwa daktari liwe: tulikuwa pwani.

Pale Kona Baridi palikuwa na mzee wa Kimaasai anayeuza mbuzi. Nilimwamkia, tukazungumza. Ukame wa 2022 ulimmalizia ng'ombe karibu wote. Nikamwambia basi mvua zikija ni furaha. Akatikisa kichwa. "Ikinyesha ikaenda, ni nzuri," akasema. "Maji yakilala, kondoo watatupa mimba."

Maneno mawili hayo, maji yakilala, yana elimu ndani yake. Mzee alikuwa akieleza Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa na wanasayansi kwenye shamba la kondoo karibu na Naivasha, wakaueleza mwaka 1931. Ukitoka Kitengela utaona udongo mweusi ule unaoshika maji kama bakuli. Katika mabonde madogo ya namna hiyo kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao hutaga mayai kwenye tope la ukingoni. Mayai hayo hukauka na kungoja, pengine miaka, na baadhi yake tayari yana virusi kutoka kwa mama. Mvua ya kawaida haitoshi kuyaamsha yote. Lakini bonde likijaa na maji yakakaa wiki kadhaa, mbu huzuka kwa wingi, wanauma mifugo, kisha mbu wa aina nyingine wanaozaliwa katika maji hayo hayo wanauchukua ugonjwa na kuutapanya.

Ndiyo sababu homa hii hulala miaka kisha ikaja kwa kishindo miaka ya mvua kupita kiasi, kama 1997 na 1998, tena 2006 na 2007. Na mvua hizo huanzia huku kwetu. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapopata joto kuliko kawaida, mvua za vuli Afrika Mashariki huzidi. Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakifuatilia satelaiti kule NASA, akiwemo Assaf Anyamba, walitoa tahadhari tangu Septemba. Disemba watu wa Garissa wakaanza kufa. Kabla haujaisha, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki Kenya, na ulifika Tana River na Kilifi, kisha Tanzania ukaua zaidi ya 100. Tahadhari ilitangulia, chanjo ya mifugo ikafika ugonjwa umeshatapakaa. Chanjo hiyo faida yake ni kabla. Ukichanja mifugo katikati ya mlipuko kwa sindano moja, unaweza kuueneza wewe mwenyewe.

Waislamu tunahusika hapa moja kwa moja. Mwaka ule Idd kubwa iliangukia siku za mwisho za Disemba, na homa hii huingia kwa damu ya mnyama mgonjwa zaidi kuliko kwa mbu. Anayechinja, anayechuna na anayeosha matumbo ndio wa kwanza hatarini. Mwaka 2000 ilivuka hadi Saudia na Yemeni, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, na biashara ya mifugo ya Pembe ya Afrika ikafungwa. Mbuzi wetu wengi hutoka bara. Mwaka wa mafuriko uliza ametoka wapi, vaa glovu, chemsha maziwa, pika nyama iive.

Baada ya kumsikiliza mzee nilikuwa tayari kuandika kwamba mvua ndiyo adui. Lakini nikakumbuka Lamu.

Julai 2004 Lamu iliingiwa na chikungunya. Watu walipinda kwa maumivu ya viungo, wengine hawakuweza kushika kikombe. Uchunguzi ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi, kama watu 13,500, waliambukizwa. Haikuwa mvua. Ilikuwa ukame na joto. Maji yakiwa shida, kila nyumba hujaza mapipa, mitungi na ndoo, na zikikaa muda bila kumwagwa wala kusuguliwa, mbu yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hapendi makao mengine zaidi ya hayo. Kutoka Lamu homa ikashuka Mombasa, ikavuka Ngazija, mwaka uliofuata ikafika Réunion.

Wazee wa Lamu hawakuwa wajinga. Katika birika za nyumba za kale walifuga samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakachimbia bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Sisi tulileta mapipa ya plastiki tukasahau samaki.

Mwanzo wa 2018 chikungunya ilipokuwa Mombasa, shangazi yangu wa Mji wa Kale alipewa dawa za malaria mara mbili bila kupimwa. Kule bara mtoto hakudhaniwa malaria, huku shangazi hakudhaniwa kingine. Magoti yalimsumbua karibu mwaka, akisali amekaa kitini.

Niliporudi kutoka Kitengela nilikwenda kumwamkia. Mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, hivyo pipa liko uani limejaa. Nikamwomba nilioshe. "Lina kifuniko hilo, mwanangu," akasema. Kifuniko kilikuwa na ufa unaopitisha kidole. Maji tuliyatumia kwa kudekia, kisha nikalilaza pipa juani. Mayai ya mbu huyu hayaelei majini. Hunata ukutani juu kidogo ya maji na huvumilia kukauka miezi mingi, kwa hiyo kumwaga peke yake hakufai, lazima usugue kwa brashi kila wiki. Nikachungulia ndani kwa tochi ya simu. Kulikuwa na duara ya vidoa vyeusi kama masizi. Nikamwita shangazi aje aone.