Howard Olson wa Makumira: Mtunzi au Mkusanyaji?

Mimi ni mtoto wa Sokon I, na kwaya niliianza ningali shule ya msingi. Upo wimbo mmoja wa Pasaka, "Mfurahini Haleluya", ambao tuliuimba kila mwaka bila kuuliza ni wa nani. Mwaka mmoja wakaja wageni kutoka Ujerumani, wakauimba kwa Kijerumani, tena kwa kujiamini kweli. Basi, sisi tukakata shauri: kumbe ni wao! Nilikaa na uongo huo hadi nilipofika chuoni.

Ukweli ulikuwa karibu tu. Ukitoka Sokon I ukafika mjini, kisha ukapanda gari la Usa River, utapita Makumira, chini ya Mlima Meru. Hapo, mwaka 1966, mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya wimbo huo juu ya sauti ya kienyeji. Kijerumani kilifuata mwaka 1969, kwa kalamu ya Ulrich Leupold.

Aliyewahimiza wanafunzi wa Makumira kutunga hivyo ni mwalimu wao, Howard Olson, Mmarekani aliyezaliwa 1922 na kuja Tanganyika mwaka 1946. Wapo wanaomwita mtunzi. Mimi nasita kidogo. Kwanza alikuwa mtu wa lugha: mwaka 1964 aliandika kuhusu fonolojia na mofolojia ya Kirimi (yaani Kinyaturu), na baadaye akatoa "Jifunze Kiyunani". Nadhani sikio hilo ndilo lililomwonyesha kasoro ambayo sisi wanakwaya tulikuwa tumeizoea.

Kasoro yenyewe ni hii. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru 1904, walikuja na nyimbo zao za kitabu. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari huweza kuishia kwenye pigo zito bila taabu. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitafsiri maneno na kuacha sauti ilivyo, "furaha" inaimbwa furaHA, na "Bwana" anakuwa bwaNA. Hebu tamka hivyo mbele ya mama muuza ndizi uone atakavyokutazama! Sauti za kienyeji hazina ugomvi huo. Kiongozi anarusha maneno, anayavuta au kuyakimbiza yanavyotaka, kundi linaitikia. Hapo fani na maudhui vinatembea pamoja.

Olson alizikusanya nyimbo hizo katika "Tumshangilie Mungu", akatafsiri nyingine kwa Kiingereza katika "Lead Us, Lord", Marekani, 1977. Kazi kubwa, sikatai. Lakini mhakiki lazima aulize: sauti ni ya nani? Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti Ujerumani, wimbo namba 116, Kyamanywa ametajwa, Leupold ametajwa. Sauti imeandikwa tu kwamba imetoka Tanzania. Walimu wetu wa fasihi simulizi watasema ni mali ya jamii. Sawa, ila jamii haifungui kinywa kimoja siku moja, yuko aliyeanza.

Olson alifariki mwaka 2010. Pasaka iliyopita niliwasimulia wanakwaya wenzangu habari hii. Mzee mmoja wa besi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa huyo mwenye sauti, mmemwacha wapi?"