Rumangabo: Anayetaka kutengeneza makaye achague vipi mashine ya kukata karatasi?

Laini ya umeme kutoka kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, imefungua njia kwa karakana ndogo za eneo la Rumangabo na vijiji jirani. Kituo hicho cha megawati 13.8 kilifunguliwa na Hifadhi ya Virunga mwaka 2015. Moja ya kazi zinazowezekana kwa umeme huo ni kutengeneza makaye ya wanafunzi. Lakini mashine ya kukata ikichaguliwa vibaya, kikundi kinaweza kubaki na deni tu.

Mashine ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya viwanda vikubwa, kama cha Mufindi nchini Tanzania: rola inafunguliwa, na kisu kinachozunguka kinakata karatasi ikiwa mwendoni. Inafanya kazi haraka, lakini inadai umeme usiokatika. Huku kwetu, mapigano yamekwisha kuharibu nyaya mara kadhaa tangu 2022. Umeme ukizimika ghafla, karatasi inaweza kuchanika au kukatwa vipimo visivyo sawa.

Ya pili ni masiko, inayojulikana kwa wachapaji: rundo la karatasi linabanwa, kisha kisu kinashuka. Umeme ukikosekana, kazi inasimama tu, wala karatasi haiharibiki. Ziko pia za kusukuma kwa mkono. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo yenye hatari ndogo kwa mfuko.

Kabla ya kulipa, pima kwanza karatasi utakayonunua. Karatasi ya sentimita 70 kwa 100 inatoa A4 tisa. Ya sentimita 64 kwa 90 inatoa tisa vilevile. Katika ile kubwa, karibu sehemu moja ya tano inaishia kwenye mabaki, nayo umeilipia. Kwa hiyo kisu cha masiko kiwe kirefu kuliko upande utakaokatwa.

Uliza pia nani atanoa kisu, na vipuri vitapatikana Goma au la. Kisu butu kinaacha vumbi na kingo zenye manyoya.

La mwisho ni vidole. Masiko ya umeme ikubali kushuka pale tu mikono yote miwili inapobonyeza vitufe. Mashine ya bei rahisi iliyoondolewa kinga hiyo si rahisi hata kidogo: siku moja itamdai mfanyakazi mkono wake.