Kinga ya mwili inapomgeuka mwenyewe

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, usemi huo ulithibitika ndani ya mapafu ya baadhi ya wagonjwa.

Watu wengi walioambukizwa walikohoa siku chache, kisha wakapona. Wengine walizidiwa, wakashindwa kupumua. Je, kwa nini virusi vilevile viliwatenda watu kwa namna tofauti?

Kwanza yatupasa kufahamu ulinzi wa mwili. Virusi vinapoivamia chembe ya mwili, chembe hiyo hutoa kemikali iitwayo interferoni. Hii ni mbiu ya mgambo: huzionya chembe jirani zijihami. Iligunduliwa mjini London mwaka 1957 na wanasayansi Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

Mwaka 2020, kundi la wataalamu akiwemo Profesa Jean-Laurent Casanova wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, lilipima damu ya wagonjwa mahututi 987. Miongoni mwao 101, takriban mmoja katika kila kumi, walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni yao wenyewe. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Katika watu 663 walioambukizwa bila kuugua sana, hakuonekana hata mmoja mwenye kasoro hiyo.

Mbiu ikizimwa, virusi huzaana bila kipingamizi. Mwili unapozinduka, askari wake hufika kwa wingi na kwa ghadhabu, wakashambulia adui na nyumba pia. Mapafu huvimba na kujaa maji.

Mwaka huohuo, utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza ghadhabu hiyo, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliopumua kwa mashine. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia.

Hapo pana funzo kwa kila familia. Dawa iliyomwokoa jirani wodini isinunuliwe dukani kwa ajili ya kila kikohozi. Kumpokonya askari silaha kabla adui hajakabiliwa ni kumfungulia adui mlango. Mzee wa nyumba akianza kuhema kwa shida, asisubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari ndiye aamue.