Maziwa ya Mama Yaliyokamuliwa ni Amana ya Nyumba Nzima

Maziwa ya mama yanaponyonywa kifuani hayahitaji mlinzi. Hayachachi, hayaingii vumbi, wala hayahitaji kupashwa moto. Mtoto huyapata yakiwa na joto linalomfaa na kwa kadiri ya haja yake. Lakini pindi yanapokamuliwa na kutiwa chomboni, hutoka katika hifadhi aliyoiumba Mwenyezi Mungu na kuingia katika mikono yetu: ya mama mwenyewe, ya nyanya, ya yaya, ya shangazi na ya baba. Tangu hapo usalama wake hutegemea usafi wetu, hesabu yetu ya saa, na uangalifu wetu wa kujua ni maziwa ya nani.

Katika aya ya 233 ya Suratul Baqara, Mola wetu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya nao wanashauri kwamba katika miezi sita ya mwanzo mtoto asipewe kitu kingine chochote, hata maji, isipokuwa dawa anayoandikiwa na daktari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita hulishwa maziwa ya mama pekee. Basi wanne katika kila kumi tayari wanapewa vitu vingine.

Sababu moja ni hesabu nyepesi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ilhali mtoto anahitaji sita. Katika ile miezi mitatu iliyobaki ndipo uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo hupata njia ya kuingia. Kukamua na kuhifadhi vyema ni daraja la kuvukia pengo hilo.

Kwa nini Kabuchai

Msomaji wa Pwani huenda akauliza kwa nini tunaanzia mbali, katika eneo la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma. Kwanza, wengi wetu tuna mabinti na wake wa ndugu zetu walioolewa au kuajiriwa bara, kuanzia Bungoma mpaka Kitale. Pili, huko ndiko liliko soko la Chwele, miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya, na mama wa sokoni ndiye ambaye ushauri mwingi wa vitabu humsahau.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia, penye maji ya kunawa, kiti na friji au chombo kingine cha kupozea. Hilo ni jambo jema kwa mwalimu na karani wa benki. Anayeuza mboga na ndizi Chwele hana mwajiri wa kumdai chumba hicho, na huenda nyumbani kwake hakuna friji. Tukiweza kumpangia yeye siku yake ikatimia, mwenye friji Kisauni au Malindi hatashindwa.

Kukamua

Jambo la kwanza ni mikono. Inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa sekunde 20 au zaidi. Pasipo bomba, kibuyu chirizi au kidumu kilichotobolewa chatosha. Maji ya beseni yaliyokwisha kutumiwa na wengine hayafai. Kifua hakihitaji sabuni kila mara, kwani sabuni hukausha ngozi ikapasuka.

Mama akae mahali tulivu, afikwe na kitambaa chenye joto kifuani kwa dakika chache, au asinge polepole kwa vidole. Kisha aweke kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, asukume kuelekea kifuani, abane, aachilie. Asiburute vidole juu ya ngozi wala asiivute chuchu. Huenda matone yasitoke kwa dakika moja au mbili, asivunjike moyo. Maziwa yakipungua upande mmoja ahamie wa pili, kisha arejee. Kwa jumla ni dakika 20 hadi 30. Anayetumia pampu aoshe kila sehemu inayoguswa na maziwa baada ya kila kukamua.

Kuna maswali ambayo wanawake huona haya kuyauliza. Maziwa ya mama ni tohara. Yakidondokea vazi, sala yafaa. Wala kukamua hakutengui udhu.

Chombo

Chombo kiwe cha kioo au cha plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, kiwe na mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Chupa ya soda, ya maji ya dukani au ya dawa haifai, kwani haikutengenezwa kwa kutumiwa tena na shingo yake haifikiki kwa brashi. Kioshwe kwa maji moto na sabuni, kisuuzwe, kichemshwe kwa dakika tano hadi kumi, kisha kiachwe kikauke kwa hewa juu ya kitambaa safi. Kukifuta kwa leso iliyofutiwa mikono ni kurudisha uchafu ulioondolewa.

Maziwa yatiwe kwa vipimo vidogo, mililita 60 hadi 120 kwa kila chombo, ili yanayobaki yasimwagwe kwa wingi. Yatakayogandishwa yaachiwe nafasi juu, maana huongezeka yanapoganda. Juu ya chombo paandikwe tarehe, saa na jina la mama.

Hesabu ya saa

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana kinga hai ambayo maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa hayana. Ndiyo maana huweza kukaa mezani kwa muda, lakini muda huo una mpaka:

Katika chumba kisichozidi nyuzi 25 za joto, yakifunikwa na kuwekwa kivulini, ni saa nne.

Katika kikasha cha kuhifadhia baridi, yakizungukwa na barafu, ni saa 24.

Katika friji yenye baridi ya nyuzi nne, ni siku nne. Yawekwe ndani kabisa, si mlangoni ambapo joto huingia kila friji inapofunguliwa.

Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ubora wake hudumu miezi sita.

Yaliyogandishwa yakishayeyuka kabisa ndani ya friji yatumike katika saa 24. Yakishatolewa nje ni saa moja au mbili tu, na yasigandishwe tena. Umeme ukikatika, friji isifunguliwefunguliwe. Ikibaki imefungwa huweza kutunza baridi yake kwa takriban saa nne.

Chini ya Mlima Elgon alfajiri ni baridi, lakini adhuhuri chini ya paa la mabati ni jambo jingine. Huku kwetu Pwani, katika miezi ya kaskazi joto hupita nyuzi 30, na mwenye busara hangoji hata hizo saa nne kutimia. Mtungi wa maji hupunguza joto, na kukizamisha chombo kilichofungwa katika maji baridi kwasaidia pia, lakini mtungi si friji. Usiuhesabie siku.

Siku ya mama wa sokoni

Tumchukue mama wa Chwele mwenye mtoto wa miezi minne, anayekuwa nje kwa muda wa saa nane. Mtoto wa umri huo hunywa kwa wastani mililita 750 hivi kwa siku nzima. Theluthi moja ya siku, basi, ni kama robo lita. Kiasi hicho si bahari. Ni vikombe viwili au vitatu vidogo.

Anyonyeshe kabla ya kutoka, kisha akamue yanayobaki saa kumi na mbili asubuhi. Yakikaa kivulini bila barafu, maziwa hayo yanywewe kabla ya saa nne asubuhi. Kwa yanayofuata ana njia tatu. Aweza kuletewa mtoto sokoni adhuhuri anyonyeshe mwenyewe, na hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Aweza kuazima nafasi katika friji ya jirani au ya duka. Au aweza kugandisha chupa za maji kwa jirani jioni, na asubuhi azipange katika kikasha pamoja na maziwa. Atakayokamua sokoni ayaweke katika kikasha kama hicho na kurudi nayo jioni kwa ajili ya kesho.

Kumnywesha mtoto

Aliyebaki na mtoto, awe yaya au kukhu, kama Wabukusu wamwitavyo nyanya, aanze kwa maziwa ya tarehe ya zamani zaidi. Mafuta yakielea juu si dalili ya kuharibika. Chombo kizungushwe polepole yachanganyike. Rangi yaweza kuelekea ubuluu au umanjano, na hilo halina neno. Yaliyochacha kwa harufu na ladha yamwagwe bila huruma. Hakuna sukari, maji wala kitu kingine cha kuongezwa.

Si lazima yapashwe moto. Anayependa yapate uvuguvugu aweke chombo ndani ya bakuli la maji moto, kisha adondoshe tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, tone lisiunguze. Yasitelekwe jikoni, wala yasitiwe katika maikrowevu, ambayo hupasha sehemu moja ikachoma kinywa huku sehemu nyingine ikiwa baridi.

Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa ya chuchu, kwa sababu husafishika kwa urahisi na hakimzoeshi mtoto unyonyaji mwingine. Mtoto apakatwe akiwa wima kiasi, kikombe kiguse mdomo wa chini, naye anywe kwa ulimi wake. Asimiminiwe. Yaliyobaki baada ya kinywa chake kugusa kikombe yatumike ndani ya saa mbili, la sivyo yamwagwe.

Jina juu ya chombo

Katika nyumba zetu mawifi wawili huweza kunyonyesha wakati mmoja na kutumia friji moja. Hapo jina juu ya chombo si mapambo. Kiafya, baadhi ya maradhi, ikiwemo virusi vya ukimwi, huweza kupita katika maziwa, na mama anayetumia dawa afuate ushauri wa kliniki yake. Kisheria, maziwa hujenga udugu. Mtume wetu (S.A.W.) alipopendekezewa binti wa ami yake Hamza, alikataa, kwa kuwa Hamza alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, huhesabu manyonyesho matano katika miaka miwili ya mwanzo. Hanafi na Maliki hayashurutishi idadi hiyo. Na kwa wanavyuoni wengi, kunywa kwa kikombe ni sawa na kunyonya kifuani.

Hii ndiyo sababu Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah, mwaka 1985, lilikataza kuanzishwa kwa benki za maziwa katika nchi za Kiislamu. Kenya ilipata benki yake ya kwanza mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ambapo maziwa ya wanawake wengine huchujwa vijidudu kwa joto na kupewa watoto wachanga wenye haja. Familia itakayoshauriwa kuyatumia imuulize daktari na shekhe pamoja. Lakini nyumbani hakuna udhuru: chombo kisicho na jina asinyweshwe mtoto. Na ikitokea kosa, lisifichwe. Liandikwe, watajwe mama na mtoto, na shekhe aulizwe, ili miaka 20 baadaye pasije pakafungwa ndoa isiyojuzu.

Mzigo si wa mama peke yake

Aya ile ile tuliyoitaja imemwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama anayenyonyesha, na imekataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Kikasha cha baridi, vyombo vyenye vifuniko na nauli ya kumpeleka mtoto sokoni adhuhuri vimo katika matumizi hayo. Aidha mama anayekamua alfajiri asidaiwe chai na maandazi dakika hiyo hiyo.

Tusingoje siku ya mwisho ya likizo. Wiki mbili kabla, mama aanze kukamua kidogo kidogo, na mtoto azoeshwe kikombe na yule yule atakayebaki naye. Nyanya na yaya waonyeshwe saa zilizoandikwa, nao wazirudie kwa vinywa vyao. Mtoto akikojoa chini ya mara sita kwa siku, au mama akipata homa na titi likawa jekundu na kuuma, aende kliniki au amwite mhudumu wa afya ya jamii. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake au aliye mgonjwa ana masharti makali zaidi; mama wa mtoto huyo achukue saa zake kutoka hospitalini alikotibiwa, si kutoka katika makala haya.