Chupa na Nguo ni Ndugu wa Tumbo Moja



Kila mvua kubwa inaponyesha Bukavu, tunaona maji yakishuka milimani na kubeba chupa za plastiki mpaka ziwa Kivu. Kutoka ziwani zinafuata mkondo mpaka bwawa la Ruzizi. Zikiziba mitambo pale, umeme unakatika. Usiku huo mama anapika gizani, na mtoto anafunga daftari kabla ya kumaliza kazi ya shule. Chupa tuliyoitupa wenyewe imeturudia.

Juzi darasani tuliwaomba watoto wasome kile kitambaa kidogo kinachoshonwa ndani ya nguo. Wengi walikuta neno «polyester». Walishangaa tulipowaambia kwamba nguo hiyo na chupa ya maji ni ndugu wa tumbo moja. Zote hutoka katika plastiki iitwayo PET, inayotengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliigundua mwaka 1941. Nyuzi za nguo zilitangulia, chupa zikafuata miaka mingi baadaye.

Je, vitu hivi vinaweza kutumika upya? Njia ya kawaida ni kusaga chupa, kuziosha na kuziyeyusha kwa moto. Ni njia nzuri, lakini plastiki inapungua nguvu kila inapoyeyushwa. Nguo za rangi nyingi, au zilizochanganywa na pamba, haziiwezi njia hiyo.

Njia ya pili ni ya kemia. Fikirieni mkufu wa shanga. PET ni mkufu mrefu sana wa shanga za aina mbili. Wataalamu wanaukata uzi, shanga zinaachana, kisha wanazisafisha na kutunga mkufu mpya wenye nguvu kama wa kwanza. Wengine hukata kwa dawa na joto kali. Huko Ufaransa, kampuni ya Carbios inatumia kimeng'enya, yaani kitu kama kile kinachosaga chakula tumboni. Asili yake kilipatikana katika mboji ya majani huko Japani. Mwaka 2020 wataalamu walionyesha kwamba, kwenye joto la digrii 72, kinavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10.

Faida ni kwamba tunachimba mafuta kidogo, na takataka inakuwa mali. Lakini tusidanganyane: kazi hiyo inakula umeme, joto na dawa, na maji machafu yake lazima yasafishwe. Chupa safi inayoweza kuyeyushwa tu, heri iyeyushwe. Na hakuna kiwanda, kiwe cha moto au cha kemia, kinachoweza kufanya kazi kwa takataka iliyochanganywa na matope na maganda ya ndizi. Yote yanaanza kwa kutenganisha, na kutenganisha kunaanza nyumbani.

Kiwanda cha namna hiyo hapa kwetu hatuna. Lakini mambo manne tunayaweza leo:

Tusiwashe mbabula kwa chupa wala kwa nguo kuukuu. Moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliye mgongoni.

Tugeuze chupa tuangalie chini. Pembetatu yenye namba 1 ndiyo PET. Sashe na bido ni plastiki nyingine, tuziweke kando.

Chupa za PET tuzioshe, tuzikaushe, tuziweke katika mfuko wake. Za kupimia mafuta ya mawese sokoni zitumike tena na tena.

Nguo tuzishone zikipasuka, maana zinazotupwa mferejini zinafuata njia ileile ya chupa.

Katika mkutano wa kikundi ujao, kila mama alete mfuko mmoja wa chupa safi. Tutahesabu pamoja tuone ni ngapi ambazo mvua haitazipeleka Ruzizi.