Maji Yanavuja Wapi? Pima Kabla ya Kuvunja Ukuta

Maji tunayotumia hapa Mombasa yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho karibu na mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yanatufikia kwa zamu, na yasipofika tunanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Ajabu ni kuwa maji hayo hayo ya taabu tunayaacha yavuje nyumbani usiku kucha, kisha bili ikija tunalaumu mita.

Nina diploma ya ujenzi, na nyumba nyingi ninazoitwa nakuta ukuta umeshavunjwa pahala pasipovuja. Fundi alikisia, mwenye nyumba akalipa. Ndiyo maana leo nataka tupime kwanza. Hahitajiki fundi kwa hili, na kifaa chake ni kipande cha chaki na rangi ya biriani.

Anza na mita. Ngoja siku ambayo maji yapo kwenye laini. Funga koki ya maji yanayoingia tangini na mifereji yote inayopokea maji moja kwa moja kutoka nje. Soma namba za mita, kaa saa nzima, usome tena. Zikisogea, bomba linavuja kati ya mita na tangi, mara nyingi chini ya ardhi. Tazama pahala penye majani mabichi wakati wa kiangazi, au mchanga usiokauka.

Mita ikitulia, rudi kwenye tangi. Baada ya Isha, watu wakishalala, zima pampu na uache koki ya kuingizia imefungwa. Tia alama ya chaki pale maji yalipofikia. Weka ndoo kando kwa ajili ya udhu wa Alfajiri ili pasiwe na atakayefungua mfereji. Asubuhi tazama alama. Tangi la duara la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1 hupoteza takriban lita 9 kwa kila sentimita moja inayoshuka. Likishuka sentimita 5, zimekwenda zaidi ya lita 45 na nyumba nzima imelala.

Mshukiwa wa kwanza ndani ya nyumba ni choo, kwa sababu huvuja kimya kimya. Tia rangi kidogo kwenye tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, kuna njia mbili tu. Maji yakiwa yamefika mdomo wa kile kibomba kilichosimama katikati ya tangi, boya halifungi na yanamwagikia humo. Yakiwa chini ya mdomo huo, raba ya chini imechakaa. Raba ni kitu cha pesa kidogo.

Mfereji unaodondoka nao usiudharau. Weka kikombe cha robo lita chini yake. Kikijaa kwa dakika 15, hiyo ni lita 1 kwa saa, lita 24 kwa siku, zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20. Kwa mwezi ni lita 720. Piga hesabu kwa bei ya mkokoteni wa mtaani kwenu. Dini yetu imekataza israfu, na hii ni israfu isiyomfaa hata aliyeifanya.

Sasa tangi la juu linalofurika. Sisi hupata shida hii zaidi kwa sababu ya zamu yenyewe. Laini ikikaa kavu siku kadhaa, maji yanaporudi huja na mchanga na kutu, vikakwama kwenye raba ya boya. Tena mara nyingi hurudi usiku kwa kasi, wakati hakuna wa kusikia. Panda juu, nyanyua boya kwa mkono. Maji yakikatika, mkono wa boya umepinda au boya lenyewe limeingia maji, litikise usikie. Yasipokatika, raba ina uchafu au imekwisha.

Kufurika kwa maji machafu kuna hesabu yake. Sinki moja likijaa na mengine yanateremka vizuri, kizuizi kipo kwenye sinki hilo. Yote yakisuasua, na maji ya juu yakimwagwa yanatokea bafuni chini, tazama bomba kuu au shimo la choo. Hilo lisingoje, hasa masika, na hasa kama jirani ana kisima.

Mwisho ni unyevu wa ukutani, unaogombanisha watu magorofani. Ukiongezeka baada ya mvua tu, tazama paa na nyufa. Ukiongezeka watu wakioga, ni bomba la maji machafu au sakafu ya bafu. Ukiwa vilevile mchana na usiku, ni bomba la maji safi. Na ukianzia chini ya ukuta na kuacha unga mweupe, hasa nyumba za mawe ya matumbawe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu wa ardhi. Kuvunja bomba hakutausaidia.

Dari ikidondosha, mwendee jirani wa juu kwa salamu. Mwombe afunge koki yake usiku mmoja mtazame pamoja. Asipuuze naye: maji yakifikia vyuma ndani ya zege, vyuma hupata kutu, huvimba, na zege hupasuka. Hapo hatari ni ya wa juu na wa chini.

Ukishajua maji yanapita wapi, mwite fundi na umwonyeshe. Fundi mzuri atafurahi. Atakayekasirika kwa kuwa umepima, mshukuru na umtafute mwengine.